Umesafisha Kirusi, Kimerudi: Mwongozo Kamili kwa Windows, Mac, Linux na Android

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wote ni huu: "Niliskani, nikaambiwa kompyuta ni safi, siku ya tatu kirusi kikarudi." Baada ya hapo mtu hununua programu ya pili, kisha ya tatu, mwishowe anakata tamaa na kuiacha kompyuta ijiendee. Inaniuma, kwa sababu karibu kila mara kosa halikuwa kwenye programu ya kuskani. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa kazi. Kirusi kilibaki ndani ya flashi, au kwenye akaunti ya kivinjari, au kwenye simu iliyolazwa pembeni, na mwenyewe akakirudisha kwa mkono wake.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa namba zake. Usiruke ila pale nitakapokuambia, na usianzie katikati. Humu naita "kirusi" kila programu ovu: inayojinakili, inayoiba nywila, inayofunga faili na kudai fedha. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili uyatambue ukiyafikia.

## Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Kifaa cha pili unachokiamini, kompyuta au simu. Bila hiki hatua ya 6 haifanyiki.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi.
- Diski ya nje ya kuhamishia faili zako. Isiwe ile yenye nakala yako pekee ya akiba.
- Kila flashi, kadi ya kumbukumbu na diski iliyowahi kuchomekwa kwenye kompyuta hiyo karibuni. Kusanya zote, hata ile uliyomwazima jirani.
- Kama unatumia Windows, ufunguo wa kufungulia BitLocker, yaani kufuli la diski la Windows. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na ufunguo hukaa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Utafute sasa ukitumia kifaa cha pili, uuandike kwenye karatasi.
- Kalamu, karatasi na nusu siku isiyo na haraka.

## Hatua ya 1: Kata mtandao

Zima Wi-Fi, chomoa waya wa intaneti, zima Bluetooth. Chomoa flashi na diski zote.

Sababu ni mbili. Kirusi kinachoiba huhitaji intaneti ili kupeleka kilichoiba na kupokea amri mpya. Kirusi kinachofunga faili huzifuata hadi kwenye diski za nje na kwenye folda zinazooana na hifadhi ya mtandaoni. Ukikata njia, unaokoa kilichobaki.

Onyo: usichomeke diski ya akiba "niangalie tu kama faili zipo". Watu wamepoteza nakala yao ya mwisho kwa jambo hilo moja.

## Hatua ya 2: Jua unapambana na nini

Hapa ndipo muda mwingi hupotea bure, kwa sababu dalili zinazofanana zina tiba tofauti kabisa.

Ujumbe unaojitokeza pembeni ya skrini ukisema una virusi vitano. Mara nyingi hili si kirusi. Ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa pale ulipobofya "Allow" ili ukurasa ufunguke. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta "Notifications" chini ya ruhusa za tovuti, uondoe kila tovuti usiyoijua. Kisha pitia viendelezi ("Extensions") na ufute usivyovitambua. Tatizo likiisha hapo, ruka hadi hatua ya 7. Usipige simu kwenye namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe wa namna hiyo, wala usimruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kutoka mbali.

Folda za kwenye flashi zimegeuka kuwa njia za mkato. Huyu ni mnyoo wa Windows, yaani kirusi kinachojinakili chenyewe. Faili zako zipo, zimefichwa tu. Usiformati. Subiri hatua ya 5.

Faili hazifunguki, majina yameongezewa herufi ngeni mwishoni, na kuna barua ya kudai malipo. Usifute faili zilizofungwa, na usiitupe hiyo barua. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa bure programu za kufungulia baadhi ya aina. Aina isiyo na ufunguo leo inaweza kuupata baadaye, kwa hiyo zihifadhi kando. Malipo hayakupi uhakika wa kurudishiwa chochote.

Akaunti zako zinatuma ujumbe usioandika wewe, au mtu ameingia bila nywila. Kuna mwizi wa nywila, na huyu hupatikana kwenye mifumo yote. Huenda ameshamaliza kazi na kujifuta, hivyo skani kutoona kitu si ushahidi kwamba hakuwepo. Hatua ya 6 ndiyo muhimu zaidi kwako.

Kompyuta ni nzito tu. Angalia kwanza kama diski imejaa na kama kumbukumbu inatosha. Uzito peke yake hauthibitishi chochote.

## Hatua ya 3: Okoa kazi zako

Ukiwa bado nje ya mtandao, hamishia kwenye diski ya nje hati, picha, video na sauti. Acha programu zote na faili zinazoishia na .exe, .scr, .lnk, .bat, .vbs au .js.

Ili uone miisho hiyo kwenye Windows 11 (isipokuwa .lnk, ambao hubaki umefichwa), fungua folda yoyote, bofya "View", kisha "Show", kisha weka alama kwenye "File name extensions". Windows huificha isipoelekezwa vingine, na wahalifu huutumia ufichaji huo: faili iitwayo "cheti.pdf.exe" huonekana "cheti.pdf" tu. Ukishaiwasha, iache hivyo daima.

Diski hii sasa ni mshukiwa. Ibandike karatasi yenye neno "BADO", uiweke pembeni.

## Hatua ya 4: Safisha, kila mfumo kwa njia yake

### Windows

Windows hushambuliwa zaidi kwenye kompyuta za mezani na mpakato kwa sababu ina watumiaji wengi na programu zake nyingi husakinishwa kutoka popote. Lakini pia ina vifaa vizuri vya kujitibu, na huhitaji kununua kitu.

Kwenye kifaa cha pili, pakua Microsoft Safety Scanner kutoka tovuti ya Microsoft, uiweke kwenye flashi tupu. Programu hii hubeba orodha ya virusi ndani yake na hufa siku 10 baada ya kupakuliwa, hivyo ya mwezi uliopita haitafaa. Chomeka flashi kwenye kompyuta iliyoambukizwa, fungua programu hiyo, uchague skani kamili. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Flashi hiyo nayo sasa ni mshukiwa.

Ikimaliza, fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Scan options", uchague skani ya Microsoft Defender, kinga ya Windows yenyewe, iitwayo "offline scan". Kompyuta itajiwasha upya na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa kama dakika 15. Hii ndiyo skani ambayo wengi huiruka, nayo ina uzito kuliko nyingine: Windows ikiwa imeamka, kirusi nacho kimeamka, na kinaweza kujificha kwa anayekitafuta. Kompyuta inaweza kukudai ule ufunguo wa BitLocker uliouandika.

Sasa nenda mahali ambapo karibu hakuna anayekwenda. Ndani ya "Virus & threat protection settings", shuka hadi "Exclusions". Hii ni orodha ya vitu ambavyo Defender ameambiwa asiviskani. Kwenye kompyuta ya nyumbani inapaswa kuwa tupu, isipokuwa kama wewe mwenyewe uliweka kitu. Nikikuta humo diski nzima ya C, najua kwa nini skani zote zilisema "safi": mlinzi alikuwa ameamriwa afumbe macho. Futa kila usichokiweka wewe, kisha rudia skani.

Mwisho, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue "Startup apps" na uzime usivyovijua. Fungua pia Task Scheduler, yaani ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe. Kazi inayoita powershell, wscript au mshta (programu za Windows za kuendesha amri), hasa ikielekeza kwenye folda ya AppData, inadai maelezo.

Umefaulu ikiwa: umewasha upya mara mbili, Exclusions bado ni tupu, na Defender anafunguka bila kugoma. Vilivyofutwa vikirudi vyenyewe, au Defender akikataa kuwaka, acha kupambana na usakinishe upya.

### Mac

Imani kwamba Mac haiugui ilipaswa kufa mwaka 2012, kirusi cha Flashback kilipoingia kwenye Mac zipatazo 600,000 kupitia tundu (kasoro ya usalama) la Java. Siku hizi njia kuu si tundu. Ni mwenyewe kuandika nywila yake kwenye dirisha la programu aliyoipakua bure mahali ambapo inauzwa. macOS ina Gatekeeper wa kuzuia programu zisizotambulika na XProtect wa kutambua virusi, ila hawawezi kumshinda mwenye nyumba anayefungua mlango.

Pitia sehemu nne. "Login Items" ndani ya System Settings. Wasifu wa usimamizi ndani ya "Device Management": kama kompyuta ni yako binafsi na kuna wasifu usioujua, uondoe, maana ndio unaolazimisha kivinjari kwenda kwenye ukurasa uleule kila unapobadilisha. Viendelezi vya kivinjari. Kisha, kwenye Finder, chagua "Go to Folder" na ufungue moja baada ya nyingine:

~/Library/LaunchAgents
/Library/LaunchAgents
/Library/LaunchDaemons

Faili za humo huanzisha programu kila unapowasha mashine. Jina la kampuni ambayo huna programu yake hata moja ni dalili. Usifute kwa pupa: hamishia kwenye folda ya kando, washa upya, uone kama kuna kitu cha halali kilichoharibika.

Umefaulu ikiwa: baada ya kuwasha upya faili ulizoziondoa hazijarudi, na ukurasa wa kuanzia wa kivinjari unakutii.

### Linux

Mtumiaji wa Linux hupenda kusema kwamba kirusi hakiwezi kufanya lolote bila nywila ya root, yaani akaunti kuu ya msimamizi. Ni kweli nusu. Kuvuruga mfumo kunahitaji root. Kusoma picha zako, hati zako, funguo zako za SSH (za kuingilia kompyuta nyingine kutoka mbali) na vidakuzi vya kivinjari (alama za kwamba umeshaingia kwenye tovuti) hakuhitaji, kwa sababu vyote ni mali ya akaunti ileile uliyotumia kuendesha programu hiyo. Na ndivyo mwizi anavyovitaka.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uangalie haya:

crontab -l
systemctl --user list-timers
ls ~/.config/autostart
cat ~/.ssh/authorized_keys
tail ~/.bashrc

Ufunguo usioutambua ndani ya authorized_keys ni mlango wa nyuma. Ufute mara moja. Mstari wa mwisho wa .bashrc unaopakua kitu kutoka mtandaoni nao ufute. Angalia kwa amri ya top kama kuna mchakato unaokula prosesa saa zote: wachimbaji wa sarafu za kidijitali huipenda sana Linux, hasa kwenye seva.

Una dalili kwamba mtu alipata root? Usitibu. Sakinisha upya. Baada ya hapo huwezi kuiamini hata amri unayoitumia kukagua.

### Android na iPhone

Kwenye Android, kirusi huja zaidi kama faili ya APK (ya kusakinishia programu) iliyotumwa kwenye ujumbe. Washa simu katika hali salama: kwenye simu nyingi bonyeza kitufe cha kuzima, kisha shikilia neno "Power off" mpaka uulizwe. Hapo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Ikiwa kitufe cha "Uninstall" hakibonyezeki, programu imejipa cheo. Ivue kwanza kwenye "Device admin apps" na kwenye "Accessibility", ndipo uifute. Ruhusa ya Accessibility ndiyo ya kuogopwa zaidi: mwenye nayo husoma skrini yako na kubofya kwa niaba yako, hata ndani ya programu ya benki. Kisha endesha skani ya Play Protect, kinga ya Google iliyo ndani ya Play Store.

Kwenye iPhone, sasisha iOS, ondoa wasifu usioujua, futa kalenda uliyojiandikisha bila kujua. Kwa watu wengi inatosha.

### Ukilazimika kusakinisha upya

Tengeneza flashi ya usakinishaji kwenye kifaa safi, si kwenye kilichoambukizwa. Kwa Windows tumia Media Creation Tool. Wakati wa kusakinisha futa sehemu zote za diski. Usichague kurejesha huku ukibakiza faili zako, maana unaweza kubakiza na mgeni. Hakikisha hatua ya 3 imekamilika, kwa sababu hapa hakuna kurudi nyuma.

Kwa Linux, linganisha SHA-256 (namba ya utambulisho wa faili) ya faili uliyopakua, na thamani hiyo ipate kwenye chanzo kilichotiwa saini. Mwezi Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, na viungo vyake vikaelekeza watu kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Kulinganisha na chanzo kilichotiwa saini ndiko kunakozuia hila kama hiyo.

## Hatua ya 5: Flashi na diski zote

Niliwahi kumsaidia mwanafunzi ambaye tasnifu yake ilikuwa kwenye flashi moja tu. Alipoona njia za mkato tupu, mtu alimshauri aiformati, akaiformati. Faili zilikuwa zimefichwa tu. Tuliziokoa nusu. Tangu siku hiyo narudia kwa kila mtu: toa faili kwanza, formati baadaye.

Njia salama ni kuifungulia flashi kwenye Linux au Mac, kwa kuwa mnyoo wa Windows hauwezi kukimbia huko. Linux kwa kawaida huonyesha faili zilizofichwa na Windows bila shida. Kwenye Mac bonyeza Cmd, Shift na nukta. Mara nyingi utakuta folda isiyo na jina, na kazi zako zote zimo ndani yake. Nakili hati zako, acha njia za mkato na programu, kisha formati flashi.

Kama una Windows peke yake, tumia ile uliyokwisha kuisafisha. Usibofye chochote ndani ya flashi. Fungua Command Prompt, uandike hivi ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Faili zitajitokeza. Skani, nakili, formati. Fanya hivyo kwa kila kifaa ulichokikusanya. Ile diski ya "BADO" huhitaji kuiformati, kwa kuwa kazi zako zimo; iskani yote, ufute njia ya mkato au programu yoyote utakayoikuta ndani.

Umefaulu ikiwa flashi inapita jaribio hili: weka faili moja tu ya maandishi kwenye flashi iliyoformatiwa, ichomeke kwenye kompyuta iliyosafishwa kwa dakika kumi, kisha iangalie kwenye mfumo mwingine. Ukikuta faili ile moja pekee, kompyuta ni safi kwa mnyoo wa aina hii (usihesabu folda ya "System Volume Information", ambayo Windows huiunda yenyewe, wala vitu vinavyoanza na nukta ambavyo Mac huviunda). Ukikuta faili nyingine, rudi hatua ya 4.

Mtumiaji wa Mac au Linux asijitoe hapa. Flashi yako inaweza kubeba mnyoo wa Windows miezi mingi bila wewe kuhisi kitu, ukiwaambukiza wenzako kila unapowapa faili.

## Hatua ya 6: Akaunti, ukitumia kifaa safi

Ukibadilisha nywila kwenye kompyuta yenye mwizi, umemkabidhi nywila mpya. Kama ulishafanya hivyo, rudia.

Anza na barua pepe, kwa sababu nywila za akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo. Kisha fedha. Kisha mitandao ya kijamii na mengine.

Kwenye kila akaunti, baada ya nywila mpya, tafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote na ukibonyeze. Wezi wa siku hizi huiba vidakuzi, yaani ile alama inayoiambia tovuti kwamba umeshaingia. Mwenye kidakuzi chako anaweza asihitaji nywila wala namba ya siri ya mara moja, na kwenye baadhi ya huduma anabaki ndani hata baada ya nywila kubadilika. Nimeona watu waliobadilisha nywila mara tano, mwizi akiwa bado ndani.

Ukiwa kwenye barua pepe, kagua kanuni za kupeleka barua mbele, namba za kurejeshea akaunti, na programu zilizounganishwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kagua pia viendelezi vinavyooana na akaunti ya kivinjari: kiendelezi kiovu hurudi chenyewe kwenye kompyuta mpya kabisa mara tu unapoingia.

Umefaulu ikiwa: orodha ya vifaa vilivyoingia ina kifaa kimoja tu, hicho ulichoshika.

## Hatua ya 7: Rudi mtandaoni na uzibe mlango

Kitu cha kwanza baada ya kuwasha intaneti ni masasisho, kabla ya barua pepe na kabla ya kuzungumza na mtu. WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai fedha, ilipozuka Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bila mpango wa nyongeza wa masasisho, matundu mapya yanabaki wazi.

Badilisha nywila ya kiwandani ya ruta na kamera za mtandaoni. Kirusi cha Mirai, mwaka 2016, kiliteka vifaa vya Linux vya aina hiyo kwa kujaribu nywila za kiwandani tu.

Kisha jiulize kilipitia wapi. Kama ni programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, au "kifungulio" chake, kiache kabisa. Usikirudishe hata kikisema kinahitaji kuzima kinga "kwa muda". Kama ni ukurasa uliokuambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, ujue ulibandika na kuendesha amri ya mwizi wewe mwenyewe. Hila hiyohiyo ipo kwa Mac na Linux kupitia terminali. Hakuna uthibitisho wa kweli unaofanyika hivyo.

Hakikisha mlinzi yuko macho kwa kupakua faili ya majaribio ya EICAR, shirika la usalama wa kompyuta, kutoka tovuti yake. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ambayo programu za kinga zimekubaliana kuyachukulia kama kirusi. Defender anapaswa kuizuia papo hapo. Akinyamaza, kinga yako haifanyi kazi, hata kama aikoni yake ni ya kijani.

Sasa rudisha hati zako kutoka kwenye diski uliyoiskani, tengeneza nakala mpya ya akiba, uichomoe na kuiweka kando. Kagua Exclusions, vitu vinavyojiwasha vyenyewe na orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti zako kesho, baada ya siku 7, na baada ya siku 14. Zikipita zote bila mabadiliko, ng'oa ile karatasi ya "BADO" kwenye diski.